Mzee wa Studio Anajibu: Tai Haambiwi "Tulia Hapo Hapo"

Mwezi uliopita mhariri alichapisha picha yangu ya furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, akiinuka majini na samaki mguuni katika mfereji wa Kazinga, magharibi mwa Uganda. Nilitegemea barua za kawaida: picha ya pasipoti inataka masikio yote mawili? Bwana harusi amefumba macho, tudai pesa? Badala yake zimekuja barua tisa, zote za ndege. Nimechagua nne na nusu. Hiyo nusu mtaiona.

Kwa wageni wa safu hii: nilikuwa na studio Bombo, hatua chache kutoka kambini, tangu enzi za filamu ya picha 36. Wateja wangu wengi walikuwa askari waliotaka picha ya kupeleka nyumbani. Mtu alikaa mbele ya pazia langu la maua, nikamwambia inua kidevu, tulia hapo hapo, kwisha. Simu zilipoingia studio ikafa, mimi nikabaki na kamera na muda mwingi. Ndipo nikaanza kuwapiga wasioambiwa wainue kidevu.

*

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu huku Kasese. Likizo iliyopita nilipanda boti pale Mweya na kamera yangu ya Nikon, lenzi ya 70-300. Furukombe niliwaona zaidi ya kumi na nikapiga picha zinazopita mia mbili. Waliotulia mtini wametoka vizuri. Walioruka wote wametoka kama moshi. Nimeambatisha sita. Kosa langu ni lipi?*
Mwalimu, Kasese

Marahaba, mwalimu. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeleta picha mbovu. Nzuri hazinisaidii kukutibu.

Nimeanza na ile ya tatu. Mafunjo ya nyuma yanahesabika jani kwa jani, ndege peke yake ndiye moshi. Hapo mkono wako hauna kosa. Kamera ilishika mafunjo ikamwacha tai, kwa sababu fokasi yako ni ile ya kushika mara moja na kutulia, inayomfaa mtu aliyekaa kitini. Kwenye Nikon tafuta AF-C. Wenye Canon wanaiita AI Servo. Ukiiweka hiyo, kamera inaendelea kumwandama ndege maadamu kidole chako kimebonyeza kitufe nusu. Na anza kumwandama angali mbali, mdogo kama nzi. Ukingoja mpaka ajae kwenye kioo umechelewa, kwani lenzi itahangaika huku na huku na yeye ameshapita.

Ya tano ina ugonjwa mwingine. Pale kila kitu kimevurugika: mafunjo, maji, hata yule kiboko wa pembeni. Hiyo ni boti. Uliegemeza viwiko kwenye chuma cha ubavuni, sivyo? Wote tunaegemeza, kinaonekana imara. Lakini injini inakitetemesha chuma, chuma kinatetemesha kiwiko, na lenzi ya 300 inakuza mtetemo kama inavyomkuza ndege. Simama, legeza magoti kidogo, viwiko vibane mbavu. Na nahodha akizima injini ili wageni watazame tembo, wewe tazama juu. Dakika hizo ndizo ulizolipia.

Zote sita zina tatizo la kasi, yaani muda ambao kamera hufungua jicho lake kupiga picha. Picha ya dijitali hubeba maelezo yake ndani, na za kwako zinasema 1/250 na 1/320 ya sekunde. Hiyo ni kasi ya mwalimu mkuu akikabidhi vyeti. Tai anayeelea, mabawa yametulia, mpe 1/1000. Anayepiga mabawa, 1/1600 au 1/2000. Anayeshuka kuchukua samaki, 1/2500 na zaidi. Utaniambia picha itakuwa giza. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, kisha pandisha ISO, ile namba ya usikivu wa kamera kwa mwanga, bila huruma: 800, 1600, mawingu yakiwa mazito hata 3200. Zitatoka chembechembe. Zitoke! Mimi nimeuza picha za filamu zilizokuwa na chembe kama unga wa muhogo na hakuna aliyerudisha. Ila picha isiyo na jicho la tai haina mnunuzi.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Hata wale wako waliotulia mtini, kichwa chao kimeungua, kimekuwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Hili nililijua harusini kabla sijalijua ziwani. Bibi harusi gauni jeupe, bwana harusi suti nyeusi, wamesimama pamoja: ukimsikiliza bwana, gauni linapotea, ukimsikiliza bibi, suti inakuwa shimo. Furukombe ni bibi harusi na bwana harusi katika mwili mmoja, kichwa na kifua cheupe, mabawa meusi. Akiwa mbele ya mafunjo ya kijani kizito, kamera inaona giza, inaongeza mwangaza, kichwa kinaungua. Tafuta kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, utoe theluthi mbili, hata moja nzima. Akipanda juu, nyuma yake ni anga jeupe, kamera inadanganyika upande wa pili na yeye anakuwa kipande cha makaa. Hapo jumlisha moja, au moja na nusu. Kwa hiyo ndege mmoja, mruko mmoja, anakudai mahesabu mawili. Mimi huchagua mapema kama nampigia mafunjoni au angani, na akienda kusiko, namwacha aende.

Kuhusu wingi. Mia mbili si vibaya, ila nina hakika ulikandamiza kitufe ukakishikilia. Kamera ikishiba inaanza kumeza picha polepole kwenye memori kadi, na wakati inameza haipigi. Tai hushika samaki sekunde hiyo hiyo, sijui nani humwambia. Piga tatu, achia. Piga tatu, achia.

Na kabla ya yote hayo, mtazame akiwa mtini, bila kupiga. Furukombe hukaa sehemu kubwa ya siku, anaruka kidogo sana, ndiyo maana kila mtu ana picha yake akiwa amekaa. Akikaribia kuondoka hukaza manyoya, huinamia mbele, mara nyingi hujisaidia (wanaosoma huku wanakula mniwie radhi), halafu anaachia tawi. Akikuonyesha hivyo, kamera iwe imeshafika usoni. Ataanza kwa kuukabili upepo. Kwa hiyo upepo ukikupiga kisogoni yeye atakuja upande wako, ukikupiga usoni utapata picha ya mkia. Nina mikia mingi sana nyumbani, mwalimu.

*

*Mzee habari? Mimi naendesha boda, stendi yangu iko Wandegeya. Kamera sina, nina simu ya Tecno tu. Napenda sana picha za tai wakiruka lakini mbuga ni pesa, na hizo lenzi nasikia bei yake ni pikipiki mbili. Niache tu? Au hii ni starehe ya watalii?*
Boda wa Wandegeya, Kampala

Habari nzuri, kijana wangu. Usiache. Inua kichwa hapo ulipo. Yule ndege wa kahawia anayezunguka juu ya stendi, mkia umegawanyika kama wa samaki, ni mwewe, ni ndege mwindaji kamili, na hakukudai kiingilio. Baganda wanamwita kamunye, na unajua vizuri matatu zetu zimepewa jina la nani: mwenye kushuka ghafla, kunyakua abiria na kupotea.

Mimi nimejifunza kwa mwewe, si kwa tai. Miezi mitatu ya kwanza nilikaa juu ya paa la nyumba yangu nikimfuata kwa kamera bila filamu, kwa sababu filamu ilikuwa pesa ya mboga. Mtu akimweza mwewe, tai ni mzee anayetembea kwa fimbo. Mwewe hugeuza mkia kama usukani, anakata kona ambayo hata wewe na boda yako hamuiwezi. Mtazame anapotaka kushuka: mkia hupinda kwanza, mwili hufuata. Ukishauona mkia, unajua sekunde moja mapema aendako.

Siku moja nilinunua muchomo kando ya barabara, kijiti cha mbuzi, nikakishika mkono wa kulia huku kamera iko wa kushoto. Sikumwona akija. Nilisikia upepo sikioni, kijiti kikabaki na vitunguu. Akaila nyama yangu huko huko hewani, mguu unapeleka mdomoni, hakutua popote. Mchomaji alicheka mpaka akaacha moto uzimike. Nilipomaliza kukasirika nikaelewa kwamba nimepewa somo: mwewe hafuatwi, anakuja mwenyewe palipo na nyama. Tangu siku hiyo nakwenda kwa wachoma nyama saa sita mchana, nakula kwanza, halafu nafanya kazi.

Simu yako, sasa. Usivute kwa vidole. Ukivuta hivyo simu haisogei karibu, inakata tu kipande cha picha na kukikuza, ndiyo maana unapata matofali. Piga video, ile ya mwendo wa polepole kama simu yako inayo, kisha uchague kipande kizuri utoe picha humo. Panda ghorofani, umwombe mlinzi kwa heshima. Ukiwa chini unapiga tumbo la ndege na anga jeupe. Ukiwa ghorofa ya nne anapita usawa wa macho yako, nyuma yake mabati na vilima vya Kampala. Picha kama hiyo mtalii wa mbugani hana.

Tahadhari moja, na hii naijua kwa sababu studio yangu ilikuwa jirani ya kambi. Usielekeze kamera upande wa kambi, ikulu, wala kiwanja cha ndege, hata kama mwewe amekaa huko amekunja nne. Niliwahi kukalishwa benchi saa mbili, mahali ambapo sitapataja, nikieleza kwamba lile doa katika picha ni kipanga. Afande aliyenihoji aliniambia, "Mzee, ndege yuko wapi? Mimi naona antena." Alikuwa anasema kweli. Ndege alikuwa ametoka nje ya picha.

*

*Mzee wetu, salaam. Mwenye boti mmoja huku ziwani aliniambia nikiongeza shilingi 20,000 atarusha samaki na furukombe atakuja mpaka mita kumi. Nilikubali, na picha ninayo, ni kali sana. Ila dada yangu anasema nimefanya udanganyifu. Wewe unasemaje? Nimekutumia hiyo na nyingine niliyompiga furukombe katika bustani.*
Mama wa pacha, Entebbe

Salaam, mama. Nikikuhukumu wewe nitakuwa najihukumu mwenyewe. Nilikwenda Naivasha, Kenya, kumtembelea mpwa wangu, na huko mchezo huo ni wa kila siku. Mwenye boti akapiga mluzi, akarusha samaki aliyetiwa kipande cha bua la mafunjo mwilini ili aelee, tai akatoka mtini kama mtoto aliyeitwa chai. Nilipiga picha tisa, zote kali kama zako.

Nilipozitazama nyumbani nikaona. Samaki ametupa tumbo juu, jicho limekufa. Hata tai mwenyewe hakuwa na ile haraka ya mwindaji, alikuja kuokota. Nimeshaona picha hiyo hiyo, pembe hiyo hiyo, kwa watu wengine wengi, maana wote tulikaa upande mmoja wa boti na wote tulisikia mluzi. Sijawahi kuitundika.

Ndani ya hifadhi za taifa hakuna mjadala, kulisha wanyama ni marufuku. Nje yake hakuna askari wa kukukamata, ila mimi sipendi, kwa sababu mbili. Bua lile linaweza kumezwa pamoja na samaki. Na ndege aliyefundishwa mluzi atakwenda pia kwa boti ya mtu asiye na kamera. Dada yako anataka kitu kidogo tu kwako: andika chini ya picha kwamba samaki alirushwa. Ukiandika hivyo hujamdanganya mtu.

Halafu nenda asubuhi kwenye mwalo wowote ambapo wavuvi wanaparua samaki. Mabaki yanatupwa kila siku, si kwa ajili yako, na mwewe na furukombe wanalijua saa lake. Unakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, jua mgongoni. Pale mchanga mweupe au maji tulivu hurudisha mwanga juu na kuangaza chini ya mabawa, sehemu ambayo kwa kawaida huwa kivuli kitupu. Kitu hicho hakiuzwi dukani.

Ama ile picha ya pili, ya bustani ya mimea, nina habari njema. Huyo si furukombe. Tazama uso wake: hauna manyoya kuzunguka jicho, ni mwekundu. Tazama tumbo: jeupe, ambapo la furukombe ni la kahawia ya kutu. Mkia mweusi wenye ncha nyeupe. Wa furukombe ni mweupe wote. Umempiga tumbusi mla mawese, tumbusi anayependa matunda ya mchikichi kuliko mzoga. Bustani hiyo ilianzishwa 1898 na michikichi ipo, ndiyo maana anaonekana huko. Umekata kidogo ncha ya bawa la kushoto, lakini mimi ningeitundika hiyo na kuiacha ile ya shilingi 20,000.

*

*Kamera gani nzuri?*
Hakuna jina, hakuna mji

Ambayo unayo tayari. Ukinunua ya mtumba, mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, mrudishie mwenyewe.

*

*Mzee, mimi ni askari mstaafu, naishi Masindi. Mwanangu alinipeleka Murchison Falls. Kijeshi nilikuwa macho saa kumi na moja, saa kumi na mbili na nusu tuko Paraa, tukaenda tambarare za ng'ambo ya kaskazini. Tumbusi walikuwa juu ya mivumo wamekaa kama magunia, hakuna aliyeruka mpaka karibu saa nne, tumeshachoka. Nilipopiga baadaye mchana picha zikatoka laini, hazina makali. Na kuna tai mmoja kilema, hana mkia, nilimpiga akiyumbayumba. Hiyo ni ya nne, nadhani ya kufuta.*
Askari mstaafu, Masindi

Afande, pole kwa kuamka. Tumbusi si jeshi. Ni ndege mzito, kupiga mabawa kunamgharimu, kwa hiyo anangoja jua lipashe ardhi moto. Hewa ikipata moto inapanda, naye anafungua mabawa na kupandishwa nayo akizunguka, hapigi hata pigo moja. Kabla ya saa tatu hivi hana lifti, anabaki gunia. Asubuhi ile wape furukombe wa mtoni na kipanga. Tumbusi wawekee miadi ya saa tatu na nusu.

Lakini hewa hiyo hiyo inayomwinua ndiyo iliyolainisha picha zako za mchana. Umewahi kumtazama mtu aliyekaa upande wa pili wa sigiri? Uso wake unacheza. Kati yako na ndege aliye mita mia mbili kuna sigiri ya nchi nzima. Lenzi ya mamilioni haitibu hilo. Unabaki na saa moja na nusu hivi, kati ya tumbusi kuamka na hewa kuchemka, na katika muda huo piga walio karibu tu. Zima injini ya gari. Usipige juu ya boneti, nayo ni sigiri.

Kwa kuwa umezoea doria, nikutume kazi. Ukiona tumbusi wamekufa kando ya mzoga, usiguse chochote, waite askari wa hifadhi. Machi 2021 kule Ishasha, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, simba sita walikutwa wamekufa, na tumbusi wamekufa papo hapo. Sumu haichagui. Na picha ya kiota usiitie mtandaoni ikiwa na mahali ilipopigwa. Simu huandika hilo bila kukuuliza, mwambie mwanao alizime.

Sasa hiyo ya nne. Afande, usifute! Huyo si kilema. Ni pungu. Mkia wake ndivyo ulivyo, mfupi mno hata miguu inauzidi akiruka, na huko kuyumba huku na huku kama mtu anayetembea juu ya kamba ndiko kuruka kwake. Nimekuza picha yako mpaka nikaona ukingo wa nyuma wa bawa: weusi ni mpana, kwa hiyo ni dume, jike huwa na mstari mwembamba tu. Uso mwekundu umeshika jua, jicho linaonekana. Mimi nimekwenda huko mara nne, na pungu wangu wote wameniangalia kwa kisogo. Niletee faili lenyewe, si la WhatsApp, nikuchapishie kwa ukubwa wa ukutani. Karatasi juu yangu.